Kabla Hujaandika Klasi Mtoto: Mwongozo wa Kutumia Urithi kwa Uangalifu

Kanta, yaani lori dogo la mizigo, ilisimamishwa kwenye mizani ya barabarani saa tisa usiku, ikiwa safarini kutoka Kisumu kwenda soko la Gikomba, Nairobi. Ndani mlikuwa na makasha ya mbuta (sangara) yaliyojazwa barafu, na juu yake magunia 20 ya omena (dagaa) kavu. Programu niliyoiandika ilikuwa imemwambia mwenye mzigo kwamba gari bado lina nafasi, akaongeza makasha. Mizani ikasema gari limezidi. Hadi wanamaliza kupunguza mzigo, jua limechomoza na barafu imekuwa maji. Mama mwenye mbuta akanipigia simu na kuniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani hiyo programu yako haijui omena ina uzito?"

Haikujua. Nilikuwa nimeandika klasi (kiolezo cha vitu vya aina moja kwenye programu) `Omena` ikirithi klasi `Samaki`, na kwa kuwa omena huuzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, wala si kwa kilo, nikaifanya methodi (kazi ambayo klasi hufanya ikiitwa) ya uzito irudishe sifuri. Mstari mmoja. Programu haikulalamika, haikuzima, na ripoti zote zilitoka safi kabisa.

Mwongozo huu ni wa yule anayeandika programu leo, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, aliyefundishwa urithi darasani kwa mfano wa mbwa na paka, na sasa ameshika mradi wenye pesa za watu ndani yake. Mifano nimeiandika kwa Kotlin kwa sababu wengi wetu hapa tunatengeneza programu za simu za Android, lakini hoja ni zilezile kwa Java, C# au Python.

Kwanza tukubaliane urithi ni nini. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway ndio walioliweka wazo hili katika lugha ya Simula 67, na kutoka hapo likasambaa hadi Smalltalk, C++, Java na nyinginezo. Urithi hufanya mambo mawili kwa mpigo. Klasi mtoto hupata data na methodi za klasi mama bila kuziandika tena. Kisha, popote msimbo unapomtarajia mama, mtoto anaruhusiwa kupelekwa. Jambo la kwanza linakupunguzia kazi ya kuandika. La pili ni ahadi unayowapa watu wote wanaomtumia mama, wakiwemo wale ambao hujawahi kuusoma msimbo wao. Huku kwetu kila boma linajua kwamba anayerithi shamba hurithi na kesi ya mpaka. Kwenye klasi ni vivyo hivyo: huchagui methodi tatu uzipendazo ukaacha mbili.

Hatua ya 1: Usiulize kama ni aina yake, uliza kama anaweza kusimama mahali pake

Tulifundishwa kipimo cha maneno: je, omena ni samaki? Ndiyo. Basi rithi. Kipimo hiki ndicho kilichoniponza, kwa maana katika ziwa omena ni samaki bila ubishi, lakini katika msimbo wangu `Samaki` haikuwa na maana ya kiumbe cha majini. Ilikuwa na maana ya kitu kinachopimwa kwa kilo na kuuzwa kwa kilo. Angalia:

```
open class Samaki {
    var kilo = 0.0
    var beiYaKilo = 0.0
    open fun uzito(): Double = kilo
    open fun bei(): Double = kilo * beiYaKilo
}

class Omena : Samaki() {
    var gorogoro = 0
    var beiYaGorogoro = 0.0
    override fun uzito(): Double = 0.0
    override fun bei(): Double = gorogoro * beiYaGorogoro
}
```

Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov aliieleza kanuni inayohusika hapa katika hotuba yake kwenye kongamano la OOPSLA mwaka 1987, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaiandika kwa undani zaidi. Kwa Kiswahili cha kawaida: lolote ambalo mtumiaji wa mama ana haki ya kulitegemea, lazima liendelee kuwa kweli akipewa mtoto. Mtoto asidai zaidi ya alichodai mama kabla ya kazi kuanza. Asitoe pungufu ya alichoahidi mama kazi ikiisha. Na kama kuna jambo ambalo mama hulishika siku zote, kwa mfano kwamba uzito wa mzigo uliopo hauwezi kuwa sifuri, mtoto asilivunje.

Zoezi lenyewe ni la karatasi na kalamu, na halichukui nusu saa. Orodhesha methodi zote za mama zinazoweza kuitwa kutoka nje. Mbele ya kila moja, andika ni nani anayeiita na anatarajia nini. Usikisie, mwambie kihariri chako kikutafutie kila mahali inapotumika. Mimi kabla ya kuandika `Omena` nilitazama mahali pamoja tu, kwenye risiti, ambako uzito huchapishwa pembeni na hakuna anayeujali. Sikutazama sehemu ya kupanga magari. Ningetazama, ningeona inajumlisha uzito wa kila kitu na kuutoa kwenye uwezo wa kanta.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mtoto hawezi kusimama mahali pa mama, na ukiziona usiendelee. Methodi iliyoandikwa upya ikabaki tupu. Methodi inayorudisha sifuri au `null` (yaani hakuna kitu) kwa sababu tu lazima irudishe kitu. Methodi inayorusha kosa la "haitumiki hapa". Na kwa upande wa mwitaji, sharti la aina ya `if (samaki is Omena)`, ambalo ni ungamo kwamba ahadi imeshavunjika na sasa kila mtu anaizunguka kivyake. Kati ya hizo, naogopa zaidi inayorudisha sifuri. Inayorusha kosa itakuamsha siku hiyohiyo. Sifuri husafiri kimyakimya hadi kwenye mizani.

Usidhani ni wanafunzi peke yao wanaojikwaa hapa. Katika maktaba ya Java yenyewe, `java.sql.Timestamp` hurithi `java.util.Date`, kisha inaongeza nanosekunde ambazo mama hazijui. Matokeo yake ni kwamba unaweza kumuuliza mama kama yuko sawa na mtoto akasema ndiyo, ukamuuliza mtoto akasema hapana. Maelezo rasmi ya klasi hiyo yanaonya usiitumie kana kwamba ni `Date`. Yaani urithi upo, lakini unakatazwa kuutegemea.

Hatua ya 2: Sema wazi unachotaka kurithi

Kabla ya kuandika nukta mbili (`:`) za urithi, malizia sentensi hii kwa sauti: "Nataka klasi hii irithi ile kwa sababu..." Kama jibu ni "kwa sababu ile tayari ina methodi ninazozihitaji", simama hapo. Hiyo ni haja ya msimbo, na ina dawa nyingine nitakayoieleza katika hatua ya tatu. Kama jibu ni "kwa sababu kuna sehemu nyingi zinazopokea ile, na nataka zipokee na hii bila kujua tofauti", hapo ndipo urithi unapostahili kufikiriwa.

Java ina mfano mwingine mzuri wa haja ya kwanza kuvishwa nguo ya pili. `Stack`, yaani rundo, imerithi `Vector`, ambayo ni orodha. Rundo lina sheria moja: kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza, kama sahani zilizopangwa jikoni hotelini. Lakini kwa kuwa limerithi orodha, mtu yeyote anaweza kuchomeka kitu katikati au kuchomoa cha chini kabisa, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo na kukagua makosa yake, haitasema neno. Waliolitengeneza walihitaji pa kuhifadhia vitu, wakachukua na milango yote ya ghala. Leo maelezo ya `Stack` yenyewe hukuelekeza utumie `Deque` badala yake. Lakini urithi ule haujaondolewa, kwa sababu programu zilizokwisha kuutegemea zingevunjika. Hiyo ndiyo gharama ambayo darasani haisemwi: urithi ukishatoka hadharani ni vigumu kuurudisha ndani.

Hatua ya 3: Jaribu kubeba kabla ya kurithi

Badala ya klasi A kuwa B, mpe A objekti ya B (kitu halisi kilichoumbwa kutokana na klasi hiyo) aibebe ndani, halafu amkasimu B, yaani amwachie, kazi ambazo B anaziweza. A huamua mwenyewe ni milango ipi ya kufungulia watu wa nje. Mara nyingi sana, na ninasema hivi baada ya kuondoa urithi katika miradi kadhaa, hapa ndipo safari inapoisha. Hutahitaji hatua zinazofuata.

Kwa samaki, nilirudi soko la Kibuye, Kisumu, nikakaa na wachuuzi asubuhi nzima nikiangalia wanavyouza, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Mbuta hupimwa kwa kilo. Ngege (tilapia) huuzwa kwa kipande, kulingana na ukubwa. Omena ni gorogoro, na kwa mnunuzi wa jumla ni gunia. Lakini pia niliona mbuta mdogo akiuzwa kwa kipande, na omena ikipimwa kwa kilo ikienda kwa mtengenezaji wa chakula cha kuku. Kwa hiyo kipimo hakifuati aina ya samaki hata kidogo. Kinafuata mauzo. Na uzito wa safari haufuati samaki wala mauzo. Ni wa gunia au kasha lililopanda kwenye gari. Nilikuwa nimeyafungia mambo matatu tofauti ndani ya klasi moja, kisha nikashangaa mtoto wake hatoshei.

```
interface Kipimo {
    fun bei(): Double
}

class KwaKilo(val kilo: Double, val beiYaKilo: Double) : Kipimo {
    override fun bei() = kilo * beiYaKilo
}

class KwaGorogoro(val idadi: Int, val beiMoja: Double) : Kipimo {
    override fun bei() = idadi * beiMoja
}

class Mauzo(val samaki: String, val kipimo: Kipimo)

class Mzigo(val samaki: String, val kiloZaMizani: Double)
```

Tazama kwamba `Omena` haipo tena kama klasi. Imebaki jina tu, na hilo latosha. Tazama pia kwamba `Mzigo` hauwezi kuumbwa bila kuandikiwa kilo, kwa hiyo sifuri haiwezi tena kuingia bila mtu kuiandika mwenyewe. `Kipimo` ni kiolesura: kinabeba ahadi peke yake, hakina data wala kazi ya ndani ya kumrithisha mtu. Ukihitaji watu wengi wasimame mahali pamoja, anza na kiolesura. Klasi mama ije baadaye kama kweli wana kazi ya pamoja.

Wapo wanaolalamika kwamba kukasimu kunachosha, kwa maana kila methodi unayotaka kuipitisha lazima uiandike. Kotlin imelitatua hilo kwa neno `by`: unaandika `class DaftariLenyeKumbukumbu(val ndani: Daftari) : Daftari by ndani`, `Daftari` ikiwa kiolesura, na methodi zote zinapitishwa zenyewe isipokuwa ile unayotaka kuibadilisha.

Hatua ya 4: Ukiamua kurithi, soma tumbo la mama

Siku nyingine urithi ndio sahihi. Kwenye Android utarithi `Activity` kwa kuwa mfumo wenyewe umetengenezwa hivyo na unaeleza ni methodi zipi uandike upya na lini zitaitwa. Au una kazi yenye hatua zilezile kila mahali, mfano kufunga hesabu za siku, ambapo hatua moja tu hutofautiana kati ya ufuo na ufuo. Hapo klasi dhahania, yaani isiyoweza kuumbwa yenyewe bila mtoto, yenye hatua zote, na pengo moja la mtoto kujaza, ni msimbo mzuri na ninauandika bila wasiwasi.

Ila mtoto humtegemea mama kwa mambo ambayo hayaonekani mlangoni. Katika mradi mmoja tulikuwa na klasi `Daftari` yenye methodi `hifadhi()`. Niliandika mtoto, `DaftariLaMkopo`, ambaye kwenye `hifadhi()` yake alimwita mama kwanza kupitia `super` (neno la kuita methodi ya mama), kisha akamtumia mteja ujumbe mfupi. Ilifanya kazi vizuri miezi kadhaa. Baadaye mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akaona wateja wote wanastahili kupata ujumbe, akaongeza kutuma ujumbe ndani ya `hifadhi()` ya mama. Hakugusa faili langu. Wateja wa mkopo wakaanza kupata jumbe mbili kwa malipo moja, na mchuuzi mmoja aliyeonyeshwa jumbe hizo akaamini amelipwa mara mbili, akatoa mzigo wa pili.

Hakuna kati yetu aliyekosea katika faili lake. Kosa lilikuwa katika uzi uliounganisha mafaili hayo mawili, na uzi huo haukuandikwa popote. Kwa hiyo, kwa kila methodi unayoiandika upya, fungua msimbo wa mama na ujibu: je, inaita methodi nyingine zinazoweza kuandikwa upya? Je, nimwite `super` kabla au baada, au nisimwite kabisa? Andika majibu kama maelezo juu ya methodi, pande zote mbili. Kama mama yuko katika maktaba ya watu wengine na haelezi jinsi ya kurithiwa, rudi hatua ya tatu.

Na jihadhari na sehemu ya `init`, yaani msimbo unaoendeshwa objekti inapoumbwa. Klasi mama ikiita methodi iliyo wazi kwa mtoto kuiandika upya wakati inaumbwa, methodi ya mtoto itafanya kazi kabla data za mtoto hazijawekwa. Kwenye Kotlin na Java, mama hujengwa kwanza. Risiti yako itachapisha gorogoro 0 hata kama mtoto ameandikiwa 12, na utatafuta kosa hilo hadi usiku. Mama asiite methodi ya wazi wakati wa kuumbwa. Sheria hii sijawahi kuona sababu ya kuivunja.

Hatua ya 5: Funga milango, fungua unayoijua

Kotlin hufunga kila klasi na kila methodi mpaka uandike `open`. Katika C# methodi haiandikwi upya mpaka iitwe `virtual`. Java ni kinyume chake, kila kitu ki wazi, kwa hiyo huko andika `final` kwa mkono. Toleo la Java 17, la mwaka 2021, lilileta `sealed` kama sehemu kamili ya lugha: klasi mama inayotaja watoto wake wote kwa majina. Kotlin nayo inalo neno hilohilo. Mimi hulitumia sana kwa malipo. Malipo yetu ni taslimu, M-Pesa au mkopo, na hakuna la nne. Ukiyaandika kama `sealed` na kuyashughulikia kwa `when` inayorudisha jibu, siku utakapoongeza aina ya nne kompaila itakuonyesha kila mahali ulipoisahau.

Vilevile andika `override` daima pale lugha inapokupa hiari. Kwenye Java alama ya `@Override` si lazima, lakini bila hiyo ukikosea herufi moja unakuwa umezaa methodi mpya, na ya mama inaendelea kutumika nyuma yako.

Kuhusu kina cha urithi, maoni yangu ni mafupi: mama na mtoto. Mjukuu awe na sababu iliyoandikwa. Kitukuu sijawahi kumhitaji. Ukijaribiwa kurithi mama wawili kwenye Python, jua kwanza mpangilio ambao lugha hufuata kutafuta methodi. Uchapishe kwa `__mro__` uusome. Watengenezaji wa Go waliitoa lugha yao mwaka 2009 bila urithi wa klasi kabisa, na mifumo mikubwa imejengwa kwayo.

Hatua ya 6: Majaribio ya mama yaendeshwe kwa kila mtoto

Andika majaribio ya ahadi za mama mara moja, yakipokea objekti yoyote ya aina yake. Kisha yaendeshe kwa mama, kwa mtoto wa kwanza, kwa wa pili, hadi wa mwisho. Kwangu mimi jaribio moja tu lingetosha: mzigo wenye kitu ndani uwe na uzito unaozidi sifuri. Lingemnasa `Omena` sekunde ileile, nikiwa bado nimekaa kitini.

Hatua ya 7: Kuondoa urithi ulioingia kwa makosa

Usivunje yote siku moja. Anza kwa kuandika majaribio ya mambo yanavyofanya kazi sasa, hata yaliyo mabaya. Ndani ya mtoto weka kigeu cha faragha kinachombeba mama, kisha methodi moja baada ya nyingine uzielekeze kwa kigeu hicho badala ya `super`. Zikiisha, futa urithi. Kompaila itakuletea orodha ya kila mahali palipokuwa pakimpokea mtoto kama mama. Pitia kila mahali na ujiulize palihitaji nini hasa. Kwa kila haja, andika kiolesura kidogo. Mimi nilipata mahali 11, na mahali saba kati ya hapo palihitaji bei peke yake.

Toleo jipya usilitume Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko Kibuye na hakuna mchuuzi mwenye nafasi ya kukupigia simu. Mimi nililituma Jumanne, nikaenda mwenyewe pale wanapopakia. Skrini ya safari ilikataa kufunguka mpaka kila gunia lipite kwenye mizani. Mama yule aliyepoteza mbuta zake aliinua gunia la kwanza la omena na kijana wake, akasoma kilo kwa sauti, akaziandika mwenyewe kwa kidole, halafu akanyoosha mkono apewe la pili.